Mwenye Pampu

Mimi namjua tangu bei zake za mwanzo:
Muhenna bin Sleyum, muuza pampu wa Ruwi,
mlango wa tatu nyuma ya kituo cha mabasi,
aliyeweza kukuuzia bomba la inchi mbili
ukatoka umebeba la nne, na bado ukamshukuru.
Miaka kumi na tisa nilimwandikia.
Mkono wangu ulikaa kati ya ulimi wake na benki.

Hakuwa mwizi. Nalisema hilo kwanza
kwa kuwa watu wanapenda mcha Mungu
awe aliwahi kuiba, hadithi inoge.
Alipunja kama wanavyopunja waungwana:
baisa hapa, riali kule,
waranti inayokwisha siku moja
kabla mashine haijafa.

Kisha akaja mwanamke wa Samail, Shinuna,
amekumbatia pampu kama mtoto mwenye homa.
"Imeharibika?"
"Nzima. Nairudisha kwa kuwa ni nzima.
Inavuta hata usiku. Zinavuta zote.
Falaji yetu imekauka tangu Rajabu,
mitende inakufa wima.
Pesa sizitaki. Niambie tu
bondeni kwetu umeuza ngapi."

Akacheka kile kicheko chake cha dukani.
Kikamfia mdomoni.
"Zuweina, ngapi?"
Nikafunua madaftari. Mia tatu na kumi na moja.
"Jumlisha kina."
Nikajumlisha kina, kisima juu ya kisima:
futi elfu ishirini na nane, kasoro kidogo.
Kiyoyozi kikanguruma. Akavua miwani,
akaifuta kwa pindo la kanzu, akaifuta tena,
wala hakuivaa siku ile.

Walianza watatu, ndani ya bohari la Ghala,
wamekalia maboksi matupu:
yeye, Shahdad Mbalushi mwenye gereji,
na mstaafu mmoja wa forodha asiyetaja jina.
Kila Alhamisi, baada ya Isha.
Hakuna mawaidha. Mtu anasema alichochukua
na kwa nani; wenzake wanaitika, "Tumesikia."
Basi. Kahawa inapita, halua hapana.
Halua aliipiga marufuku,
asije mtu kwa utamu.

Wakawa arobaini. Wakawa mia mbili,
magari yamejipanga hadi kwenye mzunguko wa barabara.
Wakajiita Jumuiya ya Wadaiwa,
wakataka kumwita sheikh, akawafokea
kama mteja aliyerudisha mali bila risiti.
Akaja kijana wa Dubai, marashi mazito,
anataka kuchapa kalenda zenye sura yake.
"Nakala ngapi?" akauliza Muhenna,
nami nikaliona lile jicho la Ruwi
likifumbuka, bichi, halijalala hata siku moja.
Alhamisi iliyofuata alisimama wa kwanza:
"Nilitaka kuuza uso wangu. Kwa dakika mbili.
Na bei nilishaipata."
"Tumesikia."

Lakini Bi Ghaniya, mkewe, hakuingia kamwe.
Aliuza bangili zake duka lilipofungwa,
akalipa mishahara yetu, yangu ikiwemo,
akaniambia akihesabu noti:
"Ananidai radhi kila siku, nami nampa.
Deni langu mimi, Zuweina,
hulitaja usiku upi?"
Sikuwa na jibu. Nilitia sahihi.

Amezikwa mwaka wa tatu huu.
Maji hayakurudi. Nalisema hilo pia.
Pampu ya Shinuna ingali bohari,
kibandiko cha bei kimekwajuka,
watoto wanaipigia ngoma
wakati wakubwa wanangoja kahawa.

Na mimi huenda. Nakaa karibu na mlango,
mkoba magotini, kama mtu anayesubiri gari.
Wamenizoea: yule mama wa mlangoni,
asiyesema, anayeitika tu.
Zamu ikinifikia naipisha.
Hawajui bado
kwamba risiti zile, zote mia tatu na kumi na moja,
zina mwandiko mmoja.